Tok-Tok Nyuma ya Ukuta

"Mutie! Mutie, nakuomba, simamisha hiyo kitu kidogo tu!"

Wavinya alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, simu mbele ya mdomo, jasho likimtiririka na jua la mchana huo lilivyokuwa kali. Ukuta wa chumba chake pale Kayole ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwitikia "afya" bila kuinuka kitandani. Lakini leo jirani hakuwa anapiga chafya. Alikuwa anachonga mti kwa tezo. Tok-tok. Tok-tok.

"Kwani kuna nini?" sauti ikauliza kutoka upande wa pili.

"Narekodi!"

"Unarekodi nini?"

"Podkasti! Kipindi cha kusikiliza. Tunakiweka YouTube."

"YouTube si ni ya video?"

"Hii ni sauti tu. Unaweka picha moja imesimama hivyo, watu wanasikiliza wakiosha vyombo. Sasa nyamaza!"

"Sawa. Lakini nitajuaje umemaliza? Niko na oda ya vijiko, siwezi kukaa nikiangalia ukuta."

Wavinya akafikiri kidogo.

"Nikigonga mara mbili, nyamaza. Nikigonga moja, endelea."

"Mbili, nyamaza. Moja, endelea. Imeingia."

Akagonga mara mbili. Pakawa kimya. Akavuta pumzi, akasema maneno ambayo baadaye watu wengi wangeyajua kwa moyo:

"Karibu jirani. Sogea karibu na ukuta."

Hivyo ndivyo kipindi cha Ukuta Mwembamba kilivyopata mwanzo wake. Kilikuwa kipindi cha mapenzi ya ploti, hizi nyumba za kupanga zilizobanana: waliokosana, waliorudiana, na wale wanaosikiana bila kutaka. Wavinya aliongea. Mchumba wake Nahashon, aliyekaa mtaa wa Tena na kompyuta yake, alipokea sauti kwa WhatsApp, akaitia picha ya kikombe cha chai na kuipandisha. Nahashon alikuwa mvivu wa kukata rekodi, kwa hivyo mwanzo aliuacha ulivyo. Tok-tok, tok-tok, kisha ko! ko!, kisha kimya, kisha ile sauti laini. Wasikilizaji wakadhani ni mdundo wa kufungulia kipindi, wakaupenda ajabu.

Nahashon hakuwahi kuuliza sauti ile ilitoka wapi. Angejuaje? Tangu waanze uchumba hakuwahi kukanyaga kwa Wavinya. "Huko Kayole vumbi mob, kila mahali, babe," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na safari ya kwenda Mwingi kujitambulisha kwa wazazi wa Wavinya? "Mwezi ujao." Huo mwezi ujao ulikuwa haufiki.

Siku moja Wavinya alikutana na Mutie kwenye mfereji wa maji, vumbi la mti likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Ile hadithi ya mama aliyemsamehe mzee wake," Mutie akasema, "karibu unilize."

"Umeisikia wapi? Bado haijapanda."

"Si niko upande ule mwingine? Ukininyamazisha unadhani nafanya nini? Nasikiliza. Mimi ndiye msikilizaji wako wa kwanza, hata YouTube inanifuata."

Wavinya alicheka mpaka ndoo ikafurika. Na ukweli usemwe, alipokuwa akipanda ngazi moyo wake ulichangamka kuliko inavyomfaa mtu mwenye mchumba. Aliukemea, nao ukajifanya umesikia.

Jumapili moja, akitoka kanisani, dadake Kavindu akamtumia linki na ujumbe mfupi.

"Wavi, huyu ni nani???"

Kikombe cha chai hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na video: msichana mrembo, vipokea sauti vya rangi ya waridi masikioni, akichezesha midomo. Juu yake pameandikwa UKUTA MWEMBAMBA NA WANGECI. Midomo ilikuwa ya Wangeci. Sauti ilikuwa ya Wavinya.

Wavinya akamwandikia Nahashon papo hapo.

"Nahash, huyo dem ni nani na mbona anatumia sauti yangu?"

"Relax babe. Ni biashara tu."

"Biashara ya nani? Jina langu liko wapi?"

Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Akapiga simu.

"Wavi, skiza," Nahashon akaanza kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "YouTube ni macho. Watu wamechoka kuangalia kikombe. Na wewe, usikasirike, lakini kamera haikupendi. Wewe nitumie sauti kama kawaida, Wangeci aweke sura. Sote tunafaidika."

"Na huyo Wangeci ni nani wako?"

Nahashon akaanza kukohoa.

"Nahashon, nimekuuliza."

"Jumamosi tunakutana na mashabiki kwa ukumbi hapa Tena. Nitamtambulisha. Kama mchumba wangu. Nilikuwa nikuambie tu."

"Ungeniambia kabla ama baada ya kukutumia kipindi cha wiki hii?"

Simu ikakatwa. Alipojaribu kuingia kwenye chaneli, akakuta nywila imebadilishwa. Mchumba ameenda, na kipindi kimeenda naye.

Wavinya alifika chumbani akalia kwa uchungu. Alimlilia Nahashon kidogo tu, tena kwa hasira. Aliyoililia hasa ni sauti yake. Kila neno la kipindi kile alilitoa mwenyewe chini ya blanketi, akipikika kwa joto, na sasa watu wangemjua Wangeci kwa maneno yake.

Nyuma ya ukuta, tok-tok ikasimama.

"Wavinya?"

"Endelea na kazi yako, Mutie."

"Hujagonga."

Akamsimulia yote, mgongo wake ukiwa ukutani. Mutie hakumkatiza hata mara moja.

"Utaenda Jumamosi?" akauliza mwishowe.

"Kufanya nini? Atasema naiga. Sina hata picha moja ya kuonyesha ni mimi. Ni sauti tu, Mutie! Sauti, na hiyo tok-tok yako!"

Akaketi wima. Akafuta machozi kwa kanga.

"Mutie."

"Niko."

"Jumamosi uko na kazi?"

"Niko na vijiko."

"Vibebe. Na tezo usiisahau."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, vijana wa boda wakasimama kando. Jukwaani, Nahashon alikuwa ndani ya suti inayombana, Wangeci pembeni yake akitabasamu kama mtu anayengoja sindano. Sauti ya kipindi ikachezwa, watu wakashangilia. Kisha mama mmoja akainua mkono.

"Mrembo, mimi nataka kujua kitu moja tu. Hiyo tok-tok ya mwanzo ni nini?"

"Ni ngoma," Wangeci akasema.

"Ni mdundo wa kompyuta," Nahashon akasema papo hapo.

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Ni ngoma ama ni kompyuta? Na zile ko-ko mbili?"

"Mapambo tu, mathe," Nahashon akajibu, akilegeza tai.

"Karibu jirani. Sogea karibu na ukuta."

Maneno yalitoka nyuma ya ukumbi. Vichwa vyote vikageuka. Wavinya alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kanisani.

"Mtoeni huyo!" Nahashon akapaza sauti. "Huyo ni shabiki amechanganyikiwa! Anaiga. Mtu yeyote anaweza kuiga sauti!"

"Sawa, naiga," Wavinya akasema, akitembea polepole kuelekea mbele. "Basi wewe mwenye kipindi, waambie zile ko-ko mbili ni za nini."

Nahashon akamgeukia Wangeci, Wangeci akamgeukia yeye.

"Hujui, kwa sababu tangu tuchumbiane hujawahi kuja kwangu. Nyuma ya ukuta wangu kuna jirani anachonga mti. Namgongea mara mbili, ananyamaza, ndipo naongea. Kama mnadhani nadanganya, sikilizeni."

Kutoka nje, nyuma ya ukuta wa ukumbi, ikaja: tok-tok. Tok-tok. Tok-tok. Ile ile. Mama aliyeuliza swali akashika mdomo. Wavinya akasogea ukutani, akagonga mara mbili.

Ko! Ko!

Kimya kikashuka ndani na nje.

"Karibu jirani," akasema. "Sogea karibu na ukuta."

Jamani, ukumbi ule ulilipuka! Vigelegele, miluzi, watu wakapanda juu ya viti. "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Wangeci akavua vile vipokea sauti vya waridi, akamkazia Nahashon macho.

"Si uliniambia huyu dada aliacha mwenyewe?"

"Babe, tutaongea..."

"Utaongea na kompyuta yako." Akamkabidhi Wavinya maikrofoni. "Pole, dada. Hii ni yako."

"Chaneli ni yangu!" Nahashon akafoka. "Password ni yangu!"

"Kaa nayo," Wavinya akamjibu kwa upole kabisa. "Hata kikombe nakuachia. Jirani zangu, kesho nafungua chaneli nyingine. Jina lile lile."

Simu zikatolewa mifukoni kabla hajamaliza sentensi. Nahashon alitokea mlango wa nyuma, na hapo akapishana na Mutie, tezo mkononi. Mutie alimsalimia vizuri tu: "Niaje." Jamaa akatembea haraka bila kujibu.

Kesho yake mchana, Wavinya alipiga picha moja kwa ajili ya chaneli mpya: ukuta wake, rangi imebanduka, na doa dogo pale vidole vyake vinapogonga. Akaingia chini ya blanketi. Akawasha simu, akagonga mara mbili. Kimya. Kabla hajasema neno, ukuta ukamtangulia.

"Wavinya."

"Mutie, nimeshaanza kurekodi!"

"Najua. Lakini nimenyamaza siku nyingi, leo acha niseme. Nakupenda. Si hiyo sauti pekee. Nakupenda ukibeba ndoo, nakupenda ukinifokea ninyamaze. Nataka kwenda Mwingi kwa wazazi wako. Kama nimekosea, gonga mbili, na sitarudia tena."

Wavinya akatoka kwenye blanketi, nywele timutimu. Akaweka kiganja ukutani. Machozi yalikuwa yanatoka, na haya ya leo yalikuwa ya furaha tupu.

Ko!

Upande wa pili Mutie alishusha pumzi, akangoja, akaogopa.

"Hiyo ni moja," akauliza, "ama ya pili iko njiani?"

"Ni moja, Mutie. Endelea. Endelea mpaka Mwingi!"

Wavinya hakukata hata pumzi moja ya rekodi hiyo. Alikipandisha kipindi vile vile kilivyo, na mitaa yote ya Eastlands ikakaa ikiutazama ukuta usiosogea, watu wakisikiliza na kupangusa macho. Kwenye maoni hakuna aliyeuliza sura ya mtangazaji. Kuanzia juu mpaka chini, kila mtu aliandika neno moja tu.

"Ko!"