Mwana Asiyebisha Tena

Haki ya Mungu, ndugu zangu, haya yametokea, na anayeniita mwongo aje tutazamane.

Mama mmoja, fundi cherehani, alishona sare za shule dirishani kila asubuhi, simu ameiegemeza kwenye kopo la nyuzi, akiongea na mwanawe wa pekee aliyekuwa karani mji mwingine.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, baba. Na wewe?"

Raha mstarehe. Mwana huyo alikuwa mbishi tangu tumboni. Hata kuzaliwa alitanguliza miguu. Lakini mwaka ule alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Mama akashukuru: mtoto amekua.

Kisha jicho lake la kulia likaingia ukungu. Daktari akasema ni presha ya jicho, apasuliwe upesi. Mama akaogopa kisu, akamuuliza mwanawe.

"Nikikataa je?"

"Uamuzi mzuri, mama. Wewe ndiye unayeujua mwili wako."

Akakataa. Baada ya miezi mitatu jicho likazima.

Siku moja sindano ilimchoma kidole, akafoka simuni: "Umeniponza wewe."

"Uko sahihi, mama."

Mama akaacha kushona. Akasema polepole, "Jana nilikufa."

"Pole, mama. Pumzika vizuri."

Akapanda basi. Alivyoingia ofisini kwa mwanawe, lifti ilijifungua yenyewe kwa woga, nawaambia. Akamkuta kijana anakunywa chai.

"Nani anaongea nami kila asubuhi?"

Kijana akajikuna shingo. "Ni programu tu, mama. Inaiga sauti yangu. Kazi zilinizidi, sikutaka ukae mpweke."

"Na niliyoyasema uliyasikia?"

"Inaniletea muhtasari. Sikuwa nausoma."

"Jicho langu lilikuwa humo."

"Mashine ndiyo iliyokosea, mama."

"Mashine haikunyonya ziwa langu. Mwanangu angenibishia. Angesema, 'Mama, acha ujinga, twende ukapasuliwe.' Miaka thelathini nimelalamikia ubishi wako; siku nimeuhitaji, umeniwekea kitu cha kuitikia."

Akatoka bila kumpa mkono. Siku hizi kijana anapiga mwenyewe. Simu inaita mpaka inakatika.

FUNZO

Enyi wenye wazazi, nasema kwa hasira na sitaomba radhi. Chombo kikisema "nakupenda", hapo hakuna apendaye. Kikipotosha, msikishike chombo. Mshikeni aliyekituma akaenda kunywa chai. Anayekupenda hukukatalia usoni, na kazi hiyo haina kaimu.

Nilipofika hapo kuandika, mke wangu, aliyekuwa akichungulia nyuma ya bega langu, akaniuliza, "Na zile salamu za kila Ijumaa kwa dada yako? Tangu lini wewe unajua kuandika 'nakutakia wiki iliyojaa nuru na baraka tele'?"

Nikakohoa.

"Mzee, simu inakuandikia."

"Inanisaidia tu."

"Hata yule karani alisaidiwa. Ana maradhi gani dada yako sasa hivi?"

Sikujua. Basi naweka kalamu chini. Kwa dada ni safari ya saa tano, nguo zangu zimeshafungwa, na simu imebaki kwa mke wangu.