Mdomo wa Kifagio na Mkono wa Mjomba

Kila siku alipotoka shule, Mbishi hakuvua viatu wala kunywa maji kabla ya kukagua masikio ya Kifagio.

Kifagio alikuwa mbwa wa aina ya spanieli. Hao ni mbwa wa wawindaji: kazi yao ni kuwatimua ndege vichakani, na ndege akishapigwa, kumtafuta kwenye nyasi na kumleta mkononi. Masikio yake yalikuwa marefu hata yakagusa sakafu alipoinama kula, ndiyo maana akaitwa hivyo. Yaliokota kila mbegu ya nyasi iliyokuwa na miiba, naye Mbishi alizitoa moja moja kwa chanuo kuukuu, huku akimgombeza mbwa kama muuguzi anayemgombeza mgonjwa mtukutu.

Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na jina lake zuri, lakini lilitumika kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Mbishi. Ukimwambia jua limezama, alitoka nje kuthibitisha.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa mahali pa kazi pa mama yake, fundi cherehani. Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, baada ya kazi, kwenye madawati yaliyomfikia magotini. Kwa hiyo aliheshimu maandishi kuliko watu waliozaliwa nayo. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga karatasi iliyoandikwa. "Mpaka mtu akae chini aandike," alikuwa akisema, "ujue anajua." Mbishi alibisha kila kitu duniani, lakini neno hilo hakulibisha.

Alasiri moja alikuwa bado na sikio la kushoto mkononi mjomba wake alipoingia. Mjomba, mdogo wake mama, aliajiriwa kulinda shamba kubwa la mtama dhidi ya ndege. Alikuwa na bunduki na kibali chake. Njiwa-pori na kware aliowaangusha, aliwapeleka kwa muuza nyama. Kifagio pia alikuwa wake, aliachiwa na meneja wa zamani wa shamba alipohama.

Mjomba akabwaga njiwa mezani, karibu na mkasi wa mama. Njiwa alikuwa amebanwa hata mbavu zimeingiliana.

"Haya, tazameni kazi ya mbwa wenu! Huyo ni wa tatu leo. Muuza nyama amenirudishia mbele ya wateja. Eti, 'Bwana, nilikuomba ndege, sikukuomba matope yenye manyoya!' Nimechoka. Bwana Mbao anatafuta mbwa wa kufunga getini. Nampa."

Mbishi alilijua geti la karakana ya mbao ya bwana huyo. Mbwa aliyetangulia pale alifungwa mnyororo mfupi hata akawa anakiona kivuli bila kukifikia. Aliishi miezi minne.

"Humpi," alisema.

"Unasemaje?"

"Shikamoo, mjomba. Humpi. Mtu hafukuzwi shule kabla hajafundishwa."

Mjomba akacheka mpaka akakaa. "Mpwa wangu, mbwa hafundishwi kubeba ndege. Ama amezaliwa anajua, ama hajui. Utamfundisha wewe? Kwa kitu gani, kwa chaki?"

"Nitasoma."

"Dada, umemsikia mwanao? Atamsomea mbwa!"

"Nipe wiki mbili," Mbishi alisema. Hakupepesa macho.

Mjomba alimtazama, akamtazama mbwa, akafuta machozi ya kicheko. "Jumamosi ya pili. Bwana Mbao atakuja na mnyororo wake. Na usilie."

"Silii. Nasoma."

Kesho yake alianza na kabati la vitabu la shule. Humo alikuta kitabu kimoja kuhusu wanyama wa nyumbani. Kilisema mbwa ana miguu minne na hulinda nyumba. Wenzake walipojua anachotafuta, wakamzunguka.

"Mbishi, mbwa wako yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza," alijibu. "Akifika la sita atakusaidia hesabu."

Siku mbili baadaye alikwenda duka la vifaa vya kuandikia, lenye kompyuta mbili na mashine ya kuchapa. Kijana wa duka akatafuta, akabonyeza, na karatasi nne zikatoka zikiwa bado moto.

"Hizi hapa, mdogo wangu. 'Siri Saba za Mbwa Bingwa wa Kuwinda'. Zimeandikwa na wataalamu."

"Wataalamu gani, kaka?"

"Si imeandikwa hapo? Wataalamu!"

Hapo ndipo Mbishi alipopaswa kubisha, naye hakubisha. Ilikuwa karatasi yenye maandishi. Ilisema njia hiyo haijawahi kushindwa: chukua ndege wa bandia, mzungushie vitu vyenye ncha kali, mrushe. Mbwa akibana, atachomwa, naye hatabana tena maisha yake yote.

Akajaza soksi kwa vipande vya kitambaa, akashona mabawa ya njiwa ubavuni, akachomeka pini ishirini za mama yake. Akairusha uani. Kifagio akakimbia kwa furaha, masikio yakipepea. Akaidaka.

Mlio alioutoa ulimfanya jirani afungue dirisha. Akaitema soksi, ulimi unatoka damu, akaingia chini ya meza ya kukatia nguo na hakutoka. Mbishi alimwita, alimbembeleza, alimwekea maji ya chumvi. Kidonda kilianza kupona siku ya tatu, lakini moyo haukupona. Sasa Kifagio hakubana ndege. Hakuokota kitu chochote kabisa, hata kandambili aliyokuwa akiiiba kila asubuhi.

"Masomo yanaendaje, mwalimu?" mjomba aliuliza.

"Vizuri sana," Mbishi alijibu, akatazama pembeni.

Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tano, aliingia maktaba ya mji, chumba kirefu nyuma ya ofisi ya maji. Mkutubi alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Shikamoo! Nataka kitabu cha mbwa wa kuwinda!"

"Marahaba. Kwanza punguza sauti, waandishi wengine humu ni marehemu, usiwaamshe. Pili, niambie kwa nini umekunja uso."

Mbishi akamwekea zile karatasi nne mezani. Mkutubi akazisoma zote, polepole, bila kuguna.

"Ameandika nani?"

Mbishi akageuza kila ukurasa. "Hakuna jina."

"Amefundisha mbwa wangapi?"

"Hajasema."

"Amewahi kukosea?"

"Anasema njia yake haijawahi kushindwa hata mara moja."

"Basi huyo si mwalimu, binti. Huyo ni muuza dawa wa stendi. Dawa moja, magonjwa mia."

"Lakini imeandikwa!"

"Na uongo huandikwa. Tena huandikwa kwa herufi nzuri kuliko ukweli." Akainuka, akaenda stoo. Mbishi alisikia maboksi yakiburutwa na mtu akipiga chafya. Mkutubi akarudi na kitabu kisicho na jalada, kurasa zimekuwa za manjano. "Hiki kililetwa kwenye boksi la msaada, na hakuna aliyewahi kukiomba. Mwandishi alitunza mbwa wa kuwinda miaka arobaini. Kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, na hakitoki humu ndani. Kamusi ile pale. Utakiweza?"

"Nitakiweza."

"Sikuuliza kama unataka kusema hivyo. Nauliza kama utakiweza kweli."

"Nitakiweza, mama."

Siku hiyo alisoma ukurasa mmoja na nusu. Kila mstari ulikuwa na maneno manne asiyoyajua, na kila neno lilikuwa na safari yake kwenye kamusi. Aliandika kwenye daftari, akafuta, akaandika upya. Mkutubi alipofunga madirisha, alilazimika kumgusa bega.

Sura ya tatu, aliyoifikia Jumanne, ilimtoa jasho. Mwandishi alieleza jinsi alivyomharibu mbwa wake wa kwanza. Hakuficha. Alikuwa na pupa, alisema. Kila mara mbwa alipomletea ndege, alimkimbilia na kumpokonya. Mbwa akajifunza kwamba mwindaji ni mnyang'anyi, akaanza kubana kwa nguvu ili asinyang'anywe. Akamwadhibu, na mambo yakazidi kuharibika. Ilimchukua miaka miwili kujua kwamba kosa halikuwa mdomoni mwa mbwa.

Mbishi aliisoma sentensi hiyo mara tatu, akakumbuka jinsi mjomba alivyozoea kumkimbilia Kifagio shambani, kisha akafunga kamusi. Mwandishi yule mzee hakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote aibu yake, lakini aliiandika, tena kwa wino. Na yeye Mbishi? Alishindwa kumwambia mjomba wake jambo la wiki moja tu.

Jioni hiyo mjomba alipokuwa akisafisha bunduki, Mbishi alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mjomba, nina mambo mawili. La kwanza ni kosa langu, la pili ni kosa lako."

"Wee mtoto!" mama aliita kutoka kwenye cherehani.

"Kosa langu: nilikudanganya. Masomo hayakwenda vizuri. Nilichomeka pini kwenye ndege wa bandia, nikamtoboa Kifagio ulimi. Na mama, pini zilikuwa zako. Ndiyo maana haokoti kitu."

Cherehani ikanyamaza. Mjomba akaweka kitambaa chini. "Na la pili?"

"Tatizo si mdomo wa Kifagio. Ni mkono wako. Akikuletea ndege unamkimbilia na kumpokonya, ndiyo maana anabana."

Mjomba akasimama. "Mimi? Mimi nimeshika bunduki kabla mama yako hajakuzaa! Unanifundisha kazi yangu, wewe uliyemtoboa mbwa ulimi?"

"Ndiyo, mimi niliyemtoboa." Hakurudi nyuma. "Nimekosea, na nimesema. Sasa sema na wewe."

Mjomba alimgeukia dada yake, akitegemea msaada. Mama alikuwa ameshika mkasi mapajani.

"Mwache amalize, mdogo wangu. Amejisema yeye kwanza. Wewe ni lini umejisema?"

Mjomba akatoka nje, akakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nionyeshe."

Walianza na soksi tupu, laini, isiyo na kitu. Mbishi hakuirusha. Aliiweka sakafuni akakaa kando yake, akisoma daftari lake kwa sauti. Jumatano Kifagio aliinusa. Alhamisi aliigusa kwa pua, akakimbia. Ijumaa mchana, Mbishi akiwa hamtazami, alisikia kitu chenye unyevu kimewekwa juu ya mguu wake. Hakuruka wala kupiga kelele. Alimkuna kifua mbwa yule na kuacha soksi palepale, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka. Ahadi ya kutolia ilihusu Jumamosi.

Jumamosi Bwana Mbao alifika kwenye ukingo wa shamba na mnyororo begani. Mjomba akapiga njiwa wa kwanza. Kifagio akatokomea kwenye nyasi, mkia tu ukionekana, akatokea na njiwa mdomoni. Akiwa hatua kumi hivi kutoka kwao, akamwona mjomba, akasimama. Taya zikaanza kukaza.

"Mjomba, piga magoti!" Mbishi alisema. "Mpe mgongo, kama kitabu kinavyosema!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Bwana Mbao akaangua kicheko. "Makubwa! Mwindaji anamsujudia mbwa!"

Mjomba akapiga magoti kwenye udongo, akageuka, akaweka kiganja wazi pembeni. Kifagio akamzunguka taratibu, akasimama mbele yake. Mjomba hakushika. Alimkuna kifua, akasubiri, akasubiri tena. Njiwa akaanguka kiganjani. Mjomba akampapasa kwa kidole gumba, ubavu hadi ubavu.

"Mbavu nzima," alisema, karibu kwa kunong'ona.

Wa pili alikuja amevunjika bawa, kwa kuwa mjomba alisahau akanyoosha mkono. Wa tatu alikuwa mzima kabisa.

"Sasa?" Bwana Mbao aliuliza. "Mnanipa au hamnipi?"

"Nunua kengele," mjomba akasema. "Ning'iniza getini."

Jumatatu iliyofuata mjomba alimsindikiza Mbishi maktaba, kofia mkononi, akataka kukiona kitabu kilichomtukana. Mbishi akamweleza mkutubi yote, kisha akaongeza:

"Lakini mama, ukurasa wa hamsini na moja amekosea. Anasema mfundishe mbwa mchana kutwa. Kwa jua letu, saa nne tu Kifagio ameshalala chini. Na kitabu chenyewe ni kigumu. Mtoto mwingine atapata wapi kitabu anachokiweza?"

"Ameanza," mjomba alinong'ona.

Mkutubi hakumkemea. Alitoa daftari jipya kwenye droo. "Kwako wewe. Andika ulichojaribu, siku gani, na ikawaje. Ukimaliza, nitaliweka rafuni karibu na mzee wetu. Nawaambieni nyote wawili: kusoma ni kazi, na kazi ya kwanza ya msomaji ni kuuliza anayesema naye ni nani. Mwandishi asiyewahi kukosea, mwogopeni. Mwaminini yule anayesema kweli hata inapomuaibisha, na mkitaka kuaminiwa, fanyeni kama yeye."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba kuonyeshwa namna ya kutafuta neno kwenye kamusi.

Mbishi akafungua daftari. Alifikiri aanze na njiwa wa tatu, yule mzima. Akakataa. Akaandika jina lake lote, lile la kwenye daftari la mahudhurio, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kwa mbali: "Mbwa wangu wa kwanza nilimtoboa ulimi kwa pini ishirini. Usifanye hivyo. Nitakueleza kwa nini."