Nusu ya Tunda la Kahawa

Siku ile uwanjani Bweranyange alikuwepo Kokubanza, na mumewe Novatus, na mama mkwe wake Bi Mackrine, na mtoto Mwesiga aliyefungwa mgongoni kwa kitenge. Alikuwepo jirani yao Evelyn, aliyewashikia nafasi ya mbele tangu asubuhi na kuwaletea maji bila kuombwa. Alikuwepo Lameck mpiga ngoma. Na alikuwepo Rwegoshora mwenyewe, mwimbaji ambaye Kokubanza alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye simu. Wengine walikuwa watu wa Bweranyange na Rugu waliotoka kanisani wakapitiliza moja kwa moja kuja kusikiliza nanga, ala ya nyuzi ya kwao.

Kokubanza alimpenda Rwegoshora kwa namna ambayo nyumba nzima ilikuwa imeizoea. Alipokuwa na mimba ya Mwesiga, na Novatus yuko mbali kwenye vibarua, alikuwa akiweka simu kwenye mfuko wa gauni na kupalilia maharage chini ya migomba huku sauti ile ikimwimbia. Mtoto alipozaliwa, sauti hiyo hiyo ndiyo ilimbembeleza.

"Huyu mtoto ana baba wawili," Bi Mackrine alipenda kusema. "Mmoja analima, mwingine anaimba."

"Na anayelima ndiye anayekula matoke," Novatus humjibu, na wote hucheka.

Rwegoshora aliketi kwenye kigoda, akalaza nanga mapajani, akagusa nyuzi. Sauti ikatoka. Ilikuwa nzito na tamu kuliko ilivyokuwa kwenye simu, na Kokubanza alishika mkono wa Evelyn akaanza kulia kwa furaha. Bi Mackrine ndiye aliyeona kwanza.

"Novatus, mwanangu. Mbona sauti inatangulia mdomo?"

"Ni spika hizo, mama."

"Mtazame vizuri. Anaimba kwanza, halafu ndiyo anafumbua mdomo."

Novatus alitaka kujibu, lakini wakati huo jenereta ikakohoa na kuzimika. Spika zikanyamaza, ngoma ya Lameck ikasikika ndogo kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Sauti ya Rwegoshora haikupungua hata kidogo. Iliendelea kuujaza uwanja mpaka kwenye miti ya mbali, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ni kipaji.

Alipomaliza, Kokubanza akamwendea. Nyumbani alikuwa amefunga kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, maana mgeni hupewa kahawa, na kwake yeye Rwegoshora alikuwa mgeni mkubwa kuliko wote. Lakini asubuhi yote alikuwa akiwagawia wazee waliosimama juani, na mtoto wa watu aliyekuwa akilia, na Evelyn. Alipofungua jani mbele ya Rwegoshora, lilikuwa limebaki tunda moja.

"Shikamoo, kaka," alisema huku akipiga goti. "Nimekuletea kahawa. Nisamehe, nyingine nimewapa watu."

"Marahaba. Moja tu?" Rwegoshora alitabasamu. Mdomo wake ulikuwa umepasuka katikati, na kwenye ufa palikuwa na damu mbichi. "Una moyo mzuri, dada. Basi tugawane."

Aliuma tunda, akatoa punje mbili zilizolala pamoja ndani yake. Moja akameza. Nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Kokubanza, ikiwa na mate na mstari mwembamba mwekundu. Kokubanza aliitia mdomoni akaimeza, kwa sababu asingeweza kutema kitu alichopewa na mtu yule. Mdomo wa Rwegoshora ulikuwa ukicheka. Macho yake yalikuwa yakimwaga machozi.

Bi Mackrine alifika akihema. "Umemeza?"

"Ndiyo, mama."

"Tema."

"Imeshapita, mama. Kwani kuna nini?"

Bi Mackrine alimvuta mkono mpaka njiani. Alisema kwamba kahawa kila mtu hutafuna tunda lake. Wanaogawana punje mbili za tunda moja, pakiwa na damu, ni wale wanaofunga omukago, udugu wa damu. Ndugu wa damu hanyimwi. Akija kwako akaomba, unatoa. Ukimnyima, ile punje uliyomeza inavimba tumboni mpaka inakuua.

"Lakini hayo ni mambo ya wazee wa kiume, mama," Novatus alisema taratibu. "Zamani hizo."

"Omba iwe hivyo," mama yake alisema.

Siku chache zilipita kwa amani. Mwesiga alikuwa ndiyo anaanza kusema. Alisema maji, na kuku, na bibi, na kila neno jipya alilipeleka kwa kila mtu nyumbani, kama anayegawa zawadi. Kokubanza alikuwa akisimama na jembe mkononi kumsikiliza tu.

Halafu adhuhuri moja, jua likiwa juu ya bati na wengine wote wako shambani, Kokubanza alisikia uzi wa nanga ukivutwa ndani ya nyumba. Mara moja tu. Aliingia. Hapakuwa na mtu, ila kulikuwa na harufu ya kahawa inayoungua, na jikoni moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi. Mwesiga alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama kona, akicheka.

"Ndugu yangu," kona ilisema, kwa sauti ya Rwegoshora. "Hunikaribishi?"

Alikumbuka maneno ya mama mkwe wake, na mdomo ukasema wenyewe: "Karibu."

"Naomba maziwa."

Akamimina maziwa kwenye kikombe, akakiweka pale konani. Alipotazama tena kikombe kilikuwa kikavu, na ndani yake kilikuwa cheusi kama kilichotolewa jivuni.

Siku iliyofuata, saa kama ile, sauti iliomba mkeka wa kulalia, akatoa. Hakumwambia Novatus, kwa kuwa Novatus alikuwa akirudi amechoka na bado akimchotea maji ya kuoga bila kuambiwa, na hakutaka kumwongezea mzigo. Alijipa moyo kwamba huenda ni mgeni wa kuomba vitu vidogo vidogo, na vitu vidogo mtu anaweza kuvitoa maisha yake yote.

Siku ya tatu harufu ya kahawa iliyoungua ilikuwa kali mpaka kuku walitoka uani wakaenda kusimama barabarani, na ule uzi ulivutwa ukaendelea kutetema bila kunyamaza, ukitetema kwenye bati na kwenye vikombe na kwenye meno yake, na Mwesiga akatambaa mpaka ile kona na kunyoosha mikono kama anayetaka kubebwa.

"Ndugu yangu," sauti ilisema, "naomba koo la mtoto. Hili la Rwegoshora limechakaa."

Kokubanza alimnyakua mwanawe. "Chukua langu," alinong'ona.

"La kwako limeshazoea kusema. Nataka lisilozoea."

"Hilo siwezi."

"Sawa," sauti ilisema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha kuliko yote. "Nitangoja."

Jioni hiyo tumbo lake lilianza kuvimba. Wiki ilipokwisha alikuwa kama mwenye mimba ya miezi mingi, na ngozi imevutika, na akilala alisikia kitu kidogo kigumu kikigeuka ndani yake. Akawaambia yote. Novatus alimbeba kwa pikipiki hadi zahanati, ambako muuguzi mmoja alimshika mkono muda wote wa kipimo, lakini kipimo hakikuonyesha kitu. Bi Mackrine akamwita Mzee Elipidius, mganga wa Rugu, ambaye alinusa pumzi ya Kokubanza, akakataa hata maji ya kunywa.

"Hili ni jini lililokula kiapo," alisema chini chini. "Majini ya kuvamia ninayatoa. Hili halikuvamia. Lilikaribishwa."

"Hakuna njia, baba?" Novatus aliuliza.

"Aliyegawana naye arudishe nusu yake. Nendeni kwake. Mimi sitaki kitu chenu."

Rwegoshora aliishi Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba iliyotunzwa vizuri. Walimkuta uani akianika kahawa. Alipomwona Kokubanza na tumbo lile, alikimbilia ndani kumletea kiti chenye mto, akamletea na maziwa ya moto. Wote wakakaa. Alipofumbua mdomo, kilichotoka kilikuwa mnong'ono mkavu, na kila neno lilimtoa jasho.

"Nilikuona, dada. Nilikuwa nyuma ya macho yangu mwenyewe, nakuona ulivyofurahi. Nilitaka kukwambia uteme. Mdomo haukuwa wangu."

"Sasa rudisha nusu yako," Novatus alisema. "Tafadhali, kaka. Ana mtoto."

"Aliyemeza si mimi. Sina cha kurudisha." Akapumzika. "Mama yangu aliombwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa ndiyo naanza kusema. Akakataa."

"Akawaje?" Kokubanza aliuliza.

Rwegoshora alinyoosha kidole kwenye migomba, mahali palipokuwa na msalaba wa saruji uliopakwa chokaa.

"Lakini wewe ulipona," Novatus alisema.

"Omukago unarithiwa. Mama alipokufa, ndugu yake nikawa mimi. Likaja kuniomba mwenyewe. Nilikuwa mtoto, na lilikuwa linaimba vizuri. Nikasema ndiyo."

Uani kahawa ilikuwa ikipasuka juani. Rwegoshora alipiga magoti mbele ya Kokubanza, mtu mzima mbele ya mdogo wake kwa umri, akamshika miguu, na hakuna kitu kingine alichoweza kumpa. Walipoondoka aliwafungia mkungu wa ndizi kwenye pikipiki, kwa kamba mbili ili usianguke.

Nyumbani wakakaa wote watatu. Novatus alitaka aitwe mchungaji, na mchungaji alikuja, akaomba mpaka sauti ikamkauka, na wakati wote wa maombi ule uzi ulikuwa ukitetema kwa heshima, taratibu, kama unaoitikia. Bi Mackrine alisema afadhali angemeza yeye. Kokubanza hakuweza tena kusimama bila kushikwa.

"Nikifa atabaki peke yake nalo," alisema. "Litamwomba, na atakubali. Nikitoa, atakuwa na mama."

"Usiseme hivyo, Mama Mwesiga," Novatus alisema.

"Wewe una neno jingine? Niambie, baba. Nitalifuata."

Novatus alifunika uso kwa kofia.

Asubuhi, Kokubanza aliomba awekwe kwenye mkeka na mtoto. Alimwambia ndugu yake wa konani kwamba ombi lake atalipata, ila amwache mtoto aseme kwanza, na kona ikanyamaza. Basi akamwonyesha Mwesiga kila kitu. Mwesiga akasema maji. Akasema kuku, ndizi, bibi, moto. Akasema baba, Novatus akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Mengine alikuwa hajawahi kuyasema, na Kokubanza alimfundisha pale pale, jembe, mvua, mwezi, akimrudisha pale alipokosea, bila haraka, akimpa uji kati ya neno na neno ili asichoke, na jua likipanda juu ya bati, na harufu ya kahawa inayoungua ikianza kuingia kwenye nguo na kwenye uji na kwenye nywele za mtoto, mpaka vitu vya kuonyesha vikaisha humo ndani, na Mwesiga, ambaye aliona ni mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kucheza, akamgusa kifua akasema, "Mama."

"Sema tena, mwanangu."

"Mama."

"Tena."

"Mama."

Kokubanza akamkumbatia, akatazama kona juu ya bega lake. "Chukua, ndugu yangu," alisema.

Tumbo lake lilishuka palepale, kama mfuko uliofunguliwa. Mwesiga alitulia mikononi mwake. Kisha sauti nzito na tamu ya mtu mzima ikaanza kuimba ndani ya chumba, karibu sana na sikio lake, na baada yake mtoto akafumbua mdomo.

Mwaka huu Mwesiga ameanza darasa la kwanza. Hasemi na mtu. Mwalimu amemweka mbele kwenye kwaya.