Vitabu Safi vya Mwalimu Mkuu

Asubuhi zetu pale Nkuhungu zilifanana. Mume wangu, Mudrick, anawahi Kizota kuchomelea mageti. Mimi nakaa barazani na cherehani yangu. Binti yetu Khairat anakunywa uji, anavaa sare, anakwenda shule. Yuko darasa la tatu.

Mara uji ukaanza kubaki kwenye kikombe. Jumatatu tumbo linauma. Jumatano kichwa. Jumamosi mzima kabisa, anaruka kamba! Nikajua hapa pana jambo.

Kisha ikaja barua ya mwalimu wake, Mwalimu Filipo. Khairat hajui kusoma. Mwisho wa muhula atapimwa, na akishindwa atarudishwa darasa la pili.

"Kwani shuleni mnasoma nini?" nilimuuliza.

Akatoa kitabu kwenye begi. Jamani! Kitabu cha darasa la sita. Maandishi madogo, picha hakuna, na ukurasa wa kwanza tu una "utandawazi" na "maadhimisho".

"Kila mtu anasoma mstari mmoja," alisema. "Ukikosea unapiga magoti mpaka kengele. Mimi nimepiga magoti siku nne."

Damu ilinichemka. Niliacha gauni la mteja kwenye cherehani, nikajitanda mtandio, nikaenda shuleni.

"Mama Khairat, mtoto anakomazwa na kigumu," Mwalimu Filipo aliniambia. "Halafu vitabu vya hadithi vya wadogo viko ofisini kwa mkuu."

Mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Akafungua kabati. Vitabu vipya, vina picha za rangi, kila kimoja kimefungwa nailoni.

"Vina miaka miwili," alisema kwa fahari. "Hakuna hata kimoja kilichochanika. Wakaguzi wakija wanatusifu."

"Hao wakaguzi wako darasa la ngapi, mwalimu?"

Akakigeuza kitabu kimoja kutazama kama nailoni iko sawa.

"Mwanangu anapigishwa magoti kwa kitabu kisicho chake, na vyake mmevifungia humu!"

"Vikichafuka, mama, nitaulizwa mimi," alijibu, akafunga kabati.

Nilirudi nyumbani. Jirani yetu Lydia, mwalimu wa shule nyingine, alinisikia nikifoka peke yangu. Akaja.

"Una haki ya kukasirika, Mama Khairat," alisema. "Ila ukirudi kule, uwe na la kuwaambia. Khairat, njoo. Fungua kile kitabu, usome. Kila neno usilolijua, kunja kidole."

Khairat alisoma. Mstari wa pili haujaisha, vidole vyote vitano vimekunjwa.

"Basi. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu ni kigumu, kiweke pembeni," Lydia alisema. Akakimbia kwake, akamletea kingine, cha mbuzi aliyekataa kupelekwa mnadani. Khairat alimaliza ukurasa mzima. Kidole kimoja tu.

"Kumbe mimi si mjinga!" alisema.

Maneno hayo yalinichoma. Nani alimwambia mwanangu ni mjinga?

Lydia akamsomea ukurasa uliofuata. Katikati akasimama. "Unadhani mbuzi atafanya nini?" Khairat akajibu kwa mdomo na mikono yote miwili.

"Darasani ni hivyo hivyo," Lydia aliniambia. "Mwalimu anawasomea kwanza, anasimama, anauliza. Kisha watoto wanachagua vitabu wenyewe, wanasoma wawili wawili. Anayekosea anasaidiwa. Magoti hayafundishi kusoma."

Kwenye kikao cha wazazi nilisimama, nikayasema yote. Sauti yangu ilipanda, sikujali.

"Kumbe! Hata wangu anaumwa tumbo kila Jumatatu!" baba mmoja alipaza sauti. Wazazi wakaanza kupiga kelele. Lydia, niliyekuwa nimemwalika, akawaeleza ile njia ya vidole.

Mkuu alijikuna kichwa. "Na vikichanika?"

"Kitabu kilichochanika kimesomwa, mwalimu," nilisema. "Na mifuko ya kuvibebea nitashona mimi."

Nikashona kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Vitabu vikahamia darasani, likawekwa daftari la kuazimia. Wiki ya kwanza Mwalimu Filipo aliwasomea watoto kama anayesoma tangazo la msiba. Wiki ya tatu alikuwa anaiga sauti ya fisi, na watoto wanamwomba aendelee. Kupiga magoti kukakoma. Khairat akaanza kumaliza uji wake.

Siku ya kupimwa, wazazi tulioandikiwa barua tuliitwa. Mkuu mwenyewe alimpa Khairat kitabu ambacho hajawahi kukisoma.

Akasoma ukurasa wa kwanza bila shida. Wa pili pia. Wa tatu, katikati, akanyamaza ghafla. Mwalimu Filipo akainamisha kichwa.

"Amekwama," mkuu alisema, akachukua kalamu.

Khairat alikuwa ameziba mdomo. Mabega yanatikisika.

"Sijakwama, mwalimu," alisema. "Nacheka. Kuku ametaga kwenye kofia ya askari!"

Mkuu akakichukua kitabu aone mwenyewe. Miaka miwili kilikuwa kwenye kabati lake, na hakuwahi kukifungua. Akasoma. Akatabasamu. Akafunua ukurasa uliofuata, akaendelea kusoma.

Khairat akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba unirudishie. Sijamaliza."