Kiti cha Kushoto

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Shangazi, mwaka uliofuata baada ya baba yetu kustaafu, mchana mmoja akiwa anapiga pasi chumba cha nyuma. Hakuiweka pasi chini hata alipofika mahali pagumu. Wengine katika ukoo wameiongezea mayowe na moto. Mimi naiandika kama alivyoitoa yeye, maana yeye alikuwepo.

Baba Mkubwa alipata gari akiwa tayari na mvi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupewa lifti, wa kubanwa katikati nyuma na magoti yake kukutana na kidevu, wa kuteremshwa njia panda kwa sababu mwenye gari anakata kona. Kwa hiyo alipolileta lake, la mkono wa pili, rangi ya fedha, alilizunguka uani kama bwana harusi. Aliyemuuzia hakusema mengi. Alisema tu kwamba lilikuwa la mkewe.

"Alikuwa analitunza?" Baba Mkubwa alimuuliza.

"Hata kuendesha alikuwa hajui. Alikuwa anakaa tu."

Baba Mkubwa aliicheka kauli hiyo hadi nyumbani. Kitu kimoja tu ndicho kilichomkera njiani: kengele ya mkanda. Gari lile lilikuwa na kengele ndogo ya kumkumbusha abiria wa mbele ajifunge, ti, ti, ti, na ililia njia nzima ilhali kiti cha kushoto hakikuwa na mtu. Mwishowe alisimama pembeni, akauvuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Akaondoa gari. Hajafika mbali, akasikia tak, mkanda umefunguka wenyewe, na kengele ikaanza upya.

Fundi umeme aliingiza kichwa chini ya kiti akatoka anacheka.

"Bosi, humu kuna kidude kinapima uzito. Kimeharibika, kinadhani mtu amekaa."

"Kinadhani amekaa mtu wa kiasi gani?"

"Mtu mzima kabisa. Shemeji ana mwenzake humu!"

Akakata waya. Kengele ilinyamaza mbele ya gereji, ikangoja gari likate kona ya kwanza, ikalia.

Baada ya hapo kila ubovu ulikuja upande uleule. Shokabu ya mbele kushoto ilikufa, ikabadilishwa, na asubuhi gari lilikuwa limeinamia kushoto vilevile, kama kitanda kilicholaliwa upande mmoja. Usukani ulivuta kushoto. Tairi la kushoto liliisha likawa kama kisigino cha kiatu cha zamani. Zulia la mbele ya kile kiti likaanza kulowa, na ndani ya gari kukawa na harufu tamu.

"Maji ya rejeta," alisema fundi. "Yanavujia ndani. Ndiyo maana yananukia sukari."

Alibadilisha mipira yote ya maji. Rejeta ikaacha kupungua, zulia likaanikwa, lakini utamu haukuondoka. Shangazi alisema haukuwa tena utamu wa maji ya gari. Ulikuwa ule unaotoka kinywani mwa mgonjwa ambaye hajala siku nyingi. Na kioo cha mbele kiliingia ukungu upande wa kushoto tu, jua likiwaka, duara dogo la ukungu ambalo lilikua na kupungua, likakua na kupungua.

Mama Mkubwa, mkewe, hakuwahi kukaa mbele. "Kiti kimelowa, pita nyuma," aliambiwa siku ya kwanza, na ikawa ndiyo desturi. Majirani walimtania. "Bosi huyo anapelekwa kazini!" Baba Mkubwa naye akazidisha, akawa anamwita Abiria.

"Abiria, umefunga mlango?"

"Nimefunga, dereva. Ukifika kwangu unishushe."

Alicheka pamoja nao, lakini jikoni alimwambia Shangazi, "Wifi, miaka yote hii nimetembea naye kwa miguu bega kwa bega. Leo tuna gari, naangalia kisogo chake."

Kisha rangi ya mlango wa kushoto ikapasuka. Baba Mkubwa alilipeleka kwa fundi wa bodi, na siku hiyo Shangazi alikuwa naye kwa kuwa walikuwa wanatoka hospitali. Fundi aligonga mlango kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Puti tupu hii. Wamepaka nene kama mkate."

Akaanza kuibandua. Vumbi jeupe lilidondoka, halafu vipande, halafu bati lenyewe likaonekana, na fundi akaacha kupiga mluzi. Alipitisha kiganja juu ya bati, akakirudisha, akakipitisha tena polepole.

"Mzee, hii wamekuambia iligongwa?"

"Hawakuniambia kitu."

"Gari likigongwa, bati linaingia ndani. Hili limetoka nje." Akachukua mkono wa Baba Mkubwa akauweka pale. Palikuwa na vivimbe vidogo vidogo vimepangana, na juu yake vingine, na vingine, kuanzia kwenye kitasa hadi chini ya kioo. Fundi alikunja ngumi yake mwenyewe akaiweka karibu navyo bila kugusa. Vifundo vililingana. "Kuna mtu alikuwa humu ndani, anataka kutoka."

Shangazi alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda kumwita mganga.

Mganga wa mtaa ule alikuwa mwanamke fundi cherehani, mkali, mwenye pini kwenye ukosi wa gauni, ambaye majini aliyatibu mchana kwa sababu jioni alikuwa na nguo za watu. Alikuja na chetezo chake cha ubani, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akakiweka ndani, akabaki nje.

"Ingia tu, mama," Baba Mkubwa alisema.

"Niingie nikakae wapi? Huoni pamejaa?"

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo ulikuwa mfukoni kwa Baba Mkubwa. Mganga alikiambia kile kiti kitupu kwamba yeye atauliza, na kengele ijibu: ikilia ni ndiyo, ikinyamaza ni hapana.

"Wewe ni maiti?"

Kimya.

"Wewe ni jini?"

Ti.

"Ulikuwa na mtu wako. Mwanamke aliyekufa hapa, mlango umekataa kufunguka."

Ti. Ti.

"Kifo chake kikakuacha huna pa kukaa."

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu nyumbani alilijua. Kwa waganga, mtu anayepandwa na jini huitwa kiti. Husema fulani ni kiti cha jini fulani, na hawamaanishi mbao. Baba Mkubwa alilijua hilo tangu utoto. Lakini miezi ile alikuwa analala na kuamka na vyuma, ameshabadilisha shokabu, tairi na mipira ya maji, na neno kiti kichwani mwake lilikuwa na sponji, springi na bolti chini yake.

Mganga akauliza, "Unataka kiti?"

Kengele ililia mfululizo, kwa nguvu ambayo haikuwahi kuwa nayo, na kabla mganga hajafungua kinywa kupatana nayo, Baba Mkubwa akaruka.

"Kumbe ni kiti tu! Nitampa! Wallahi nitampa kizuri kuliko hiki!"

Kengele ikakatika. Ukungu kwenye kioo ukaganda palepale, kama mtu aliyebana pumzi.

Mganga alimgeukia taratibu. "Umesema utampa nani?"

"Kiti, mama. Si ameomba kiti?"

"Mjinga wewe," mganga alisema kwa sauti ya chini, na Shangazi alisema sauti ile ya chini ilimtisha kuliko kelele yoyote. "Mimi nilikuwa namuuliza ili nimnyime. Wewe umeapa." Akatoa chetezo chake, na makaa yalikuwa yamezima, yamelowa. "Sikiliza vizuri. Asikae mtu pale, hata mtoto, hata kwa mzaha. Lipeleke gari likavunjwe, kila kipande kiende njia yake, kiti kichomwe. Hapo hatakuwa na pa kumngojea mtu. Ukikawia, atakaa juu yako wewe uliyeahidi."

"Gari lote?"

"Lote."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo," mganga alisema, akichomeka pini zake ukosini. "Na ndiyo maana sitaki kukutajia."

Baba Mkubwa alimwambia Shangazi atalipeleka kwa wavunja magari Jumamosi. Kwanza alijaribu ujanja: akang'oa kile kiti, akaleta kingine kutoka gereji, cha ngozi, kizuri kweli. Kilipofungwa tu, sponji lake lilibonyea taratibu katikati, na kengele ikarudi, gari likiwa limezimwa, betri imetolewa na kuwekwa chini ukutani mbele ya macho ya wote.

Siku zilizofuata hakumwambia mtu kitu, bali Shangazi alimwona akianza kuegemea kushoto anapokula, akijishika bega, akipangusa mdomo kwa leso na kuinusa leso ile kwa siri, na mara moja, alipokuwa amesimama dirishani akilitazama gari lake lililooshwa vizuri na kung'aa, kioo kilichokuwa mbele ya uso wake kikaingia ukungu, ukakua na kupungua, ukakua na kupungua, na yeye mwenyewe alikuwa ameziba mdomo na pua kwa mikono yote miwili.

"Kaka, usingoje Jumamosi," Shangazi alimnong'oneza.

"Nimesikia."

"Lipeleke leo. Ni bati tu, Kaka."

"Bati!" Alimgeukia kama ametukanwa. "Wewe hujawahi kuteremshwa njia panda mvua inanyesha. Nimesema nitalipeleka."

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa anaanika nguo. Alisikia Baba Mkubwa anazungumza mbele ya nyumba, kwa sauti laini ambayo hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba wao.

"Leo hutaki kunisindikiza?"

"Na hiki kiti chenu cha majini?" Ilikuwa sauti ya Mama Mkubwa, inacheka lakini imejivuta. Siku ya mganga yeye alikuwa kwao, akimuuguza mama yake. Aliyosikia ni machache, aliyopewa na mumewe.

"Si nimeweka kipya? Mganga kamaliza kazi yake. Ngozi hiyo, gusa. Nani mwingine nitamkalisha hapo kama si mke wangu?"

"Leo mimi si Abiria?"

"Leo wewe ni mke wa mwenye gari. Kaa mbele."

Shangazi aliangusha nguo kwenye udongo. Alizunguka nyumba akikimbia, kanga inamnasa miguuni, akapiga kelele jina ambalo sisi hatuliandiki, akapiga tena, "Wifi, shuka! Shuka!", lakini vioo vilikuwa vimepandishwa na injini ilikuwa imeshawaka, na mlango wa kushoto, ule wenye puti mpya na rangi mpya, ulikuwa umefungwa kwa mlio mzuri mzito ambao haukuwa nao kabla, na Mama Mkubwa, amevaa gauni lake la kutokea, amejifunga mkanda, akamwona Shangazi langoni anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, akadhani ni furaha ya wifi yake kumwona mbele hatimaye, naye akainua mkono akampungia, akitabasamu, akampungia hadi gari lilipokata kona, na gari lile, Shangazi alisema, halikuinama kushoto hata kidogo, lilikwenda wima kama jipya, na wala hakukuwa na kengele.

Walirudi alasiri. Baba Mkubwa alishuka akaingia ndani moja kwa moja bila kumtazama mtu. Mama Mkubwa hakushuka. Shangazi alipofungua mlango, utamu ule ulimpiga usoni, wote umetoka kinywa kimoja. Vifundo vya mkono wa kushoto wa Mama Mkubwa vilikuwa vimechubuka hadi mfupa. Bati la mlango lilikuwa limevimba kuja nje.

"Wifi," Shangazi alimwita.

Mama Mkubwa aligeuza kichwa taratibu, akamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyegonga kwenye nyumba ambayo yeye ameshaipanga.

Baba Mkubwa aliupeleka mlango ukapakwe puti nyingine. Fundi wa bodi aliukataa, Baba Mkubwa akaupeleka kwa mwingine.

Tangu siku hiyo gari halijaharibika. Shokabu ni zilezile, rejeta ni ileile, usukani umenyooka. Anayeinamia kushoto ni Mama Mkubwa. Hukaa mahali pamoja sebuleni, na anapoondoka pamelowa. Hasemi. Ila Baba Mkubwa akichukua ufunguo atoke bila yeye, hufungua midomo kidogo na kuanza, kwa sauti nyembamba isiyo ya koo la mtu, ti, ti, ti, wala haachi, hata akila, hata akilala, mpaka mumewe arudi, amshike mkono, amkalishe mbele, amfunge mkanda.

Mganga yu hai, bado anashona, lakini nguo za ukoo wetu hazipokei. Fundi umeme alishafariki. Fundi wa bodi yu hai, siku hizi anatengeneza mageti tu. Baba Mkubwa yu hai, amekonda, na bado analiosha gari lake kila asubuhi. Shangazi alifariki mwaka juzi. Kuhusu Mama Mkubwa, wanawe husema yu hai kwa sababu anapumua. Shangazi, mpaka anazikwa, alimtaja kama marehemu wifi yake, hata mbele ya Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa hakumsahihisha.