Kisulisuli Ndani ya Mfuko

Mashine ya kuvuta vumbi ilikohoa, na mama mwenye nyumba akaiacha inanguruma katikati ya sebule akakimbilia chumbani kumtazama mwanawe. Alimkuta amelala chali, kinywa wazi, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Akarudi sebuleni. Kikohozi kikaja tena, kikavu, cha mtoto, kutoka ndani ya mashine.

Mtaani walimwita Mama Usafi, na hawakuwa wakimsifu. Binti yake wa pekee, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alikuwa na pumu. Chembe ya vumbi ilitosha kumfanya avute pumzi kwa mabega. Kwa hiyo mama yake hakuwa na suluhu na vumbi. Alilifuata kwenye zulia, chini ya makochi, nyuma ya kabati, hata kizingitini, ambako watu wenye akili zao hutumia ufagio. Mgeni alikaguliwa viatu kwanza, salamu baadaye.

Basi jana yake, jua la utosi, alikuwa hapo kizingitini na mashine yake, kisulisuli kikazuka uani. Kilikuwa chembamba, kimo cha mtu, kinazungusha majani makavu, na kilikuja moja kwa moja mlangoni. Kisulisuli hupishwa, hilo hata mtoto analijua. Unajitenga, unanyamaza, unakiacha kipite na huyo aliyemo. Lakini Mama Usafi alikuwa amekesha akimsugua Chiriku mgongo, na hakuwa na moyo wa kumpisha yeyote. Alikielekezea mdomo wa mashine.

"Na wewe ingia humu," alisema.

Kikaingia chote. Majani yakadondoka, uani pakawa kimya, na yeye akacheka peke yake kama aliyeshinda kesi.

"Imeziba tu hiyo," alisema mumewe aliporudi kutoka kazini na kusimuliwa habari ya kikohozi. Alikuwa fundi bomba, na kwake shida zote za dunia zilikuwa mbili, kuvuja na kuziba. "Nazibua mabomba ya mtaa mzima, kadude haka kanishinde?"

Alichomoa plagi, akaketi zuliani, akaanza kazi. Alidumbukiza gololi ya Chiriku kwenye mpira wa kuvutia, ikatokea upande wa pili bila kukwama. Aligeuza brashi akakata nyuzi na nywele zilizojiviringisha. Mkanda haukuwa umelegea. Chujio lilikuwa safi tena kavu, maana mkewe hakuwahi kulirudisha bichi likanuka. Ukabaki mfuko. Alipoushika, akautoa mkono haraka.

"Una joto."

"Si mota imepata moto?"

"Mota nimeigusa, Mama Chiriku. Ya baridi."

Wakaangalia wote wawili. Mfuko, uliokuwa umelala bapa, ulivimba polepole, ukanywea, ukavimba tena. Chumbani Chiriku akaanza kukorota, na kila mfuko ulipovimba mtoto alikwama, na kila uliponywea alipata kapumzi kadogo. Fundi bomba akakusanya vifaa vyake, asijue hii ni kuziba au kuvuja.

Kulipokucha hali ilikuwa mbaya zaidi. Mashine haikuwa kwenye umeme, lakini ilinguruma chini kwa chini, ikitoa harufu ya udongo uliokaa kiangazi kirefu na nywele zilizoungua. Vumbi, ambalo nyumba hiyo haikuwa nalo, lilikuwa limetanda mezani, kwenye vikombe vilivyofunikwa, kwenye kope za mtoto aliyelala. Dawa ya kupuliza, ambayo siku zote ilimfungua kifua mara moja, safari hii ilimtoka puani kama moshi bila kumsaidia chochote.

"Mwite shangazi yako," alinong'ona Mama Usafi. "Nitampoteza huyu mtoto."

Shangazi wa mumewe alikuwa mganga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyezungumza na majini kama mtu anavyozungumza na wapangaji wasumbufu. Aliitazama mashine bila kuigusa.

"Nani alimkaribisha?"

Mama Usafi akaeleza yote, macho chini.

"Mwanangu, alikuwa mpita njia tu, ukamfungia gizani. Sasa anataka pa kukaa, na kifua cha mwanao anakisikia kupitia ukutani." Akamshika mkono. "Nitamfungulia mlangoni, palepale ulipomnasa. Madirisha yote yafungwe. Mtoto abaki chumbani, utie nguo chini ya mlango. Huo mlango usiufungue mpaka nikuambie, hata usikie nini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Fundi bomba akaubeba mfuko kwa mikono miwili hadi kizingitini, jasho likimvuja usoni. Mama Usafi akasindilia kanga chini ya mlango wa chumba, akauegemea kwa mgongo. Chiriku alikuwa macho, akamsikia.

"Mama," alisema kule ndani. "Mama, nakosa pumzi."

"Kidogo tu, mwanangu. Vumilia."

Kizingitini Shangazi alipasua mfuko. "Uliitwa kwa hasira, unaombwa radhi," alisema. "Njia yako hii hapa. Nenda." Mlio ukapanda, si wa mota tena bali wa kitu chenye koo, ukazunguka sebule ukitikisa vyombo kabatini na kung'oa mapazia, na nyuma ya mlango Chiriku akakohoa, akakorota, akapiga kitanda kwa mkono mara kadhaa kama anayebisha hodi, kisha akaacha kupiga, akaacha kukorota, na pale ambapo mama yake alikuwa amezoea kusikia ile filimbi nyembamba ya kifua usiku na mchana kwa miaka yote, sasa hakusikia kitu, na alijua alichokatazwa, na alijua kwa nini, na mkono wake ukashika kitasa ukakizungusha.

Alifungua upenyo wa kupitisha kichwa tu. Upepo wa moto ukampita shavuni.

Mlio ukakatika. Kule mlangoni mfuko ulikuwa karatasi tupu mikononi mwa Shangazi.

Chiriku aliketi kitandani. Midomo yake, iliyokuwa ya kijivu, ilikuwa na rangi. "Mama nimeota nakimbia uani nazunguka nazunguka na majani yote yananifuata na sichoki na kifua hakinibani hata kidogo na naweza kwenda mbali mpaka unapoishia mtaa na kurudi," alisema, yote kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika hata mara moja. Pamoja na maneno yake mengi, Mama Usafi alikuwa hajawahi kumsikia akimaliza sentensi ndefu bila kukatwa na pumzi. Machozi yakamtoka kwa furaha.

Kisha mtoto akavuta pumzi. Pazia la dirisha lililofungwa likainuka likaelekea kitandani. Shuka likasogea. Vumbi lote la sakafuni likateleza kumwendea, kimyakimya, likaishia miguuni pake.

"Huko salama?" Shangazi aliuliza kutoka sebuleni. "Kama ameingia huko sema sasa hivi, mwanangu. Bado naweza kumtoa."

Mama Usafi alimwangalia binti yake. Kifua kilipanda, kikashuka, laini, bila filimbi. Akafikiria Shangazi akimtoa huyo aliyemo, na kifua kikabaki kile cha zamani, kile kilichonyamaza dakika hii iliyopita.

"Salama, Shangazi," akasema. "Ametoka."

Akafunga mlango taratibu, akaenda kuketi kando ya mwanawe akamkumbatia, ingawa kila Chiriku alipovuta pumzi, yeye yake ilimpungukia.