Kahawa Mbichi za Fortunata

Jumamosi hiyo Ketrina aliamka amekasirika. Kahawa zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, baridi ya kijijini Isansa ilikuwa inakata vidole, na jana yake Fortunata alikuwa amerudishwa kutoka Mpemba. Hiyo ilikuwa mara ya tatu anatoroka.

Fortunata alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikulia Mpemba, kando ya barabara kuu ya Tunduma, ambako mama yake aliwauzia chakula madereva wa malori. Siku ya mazishi, Ketrina aliahidi mbele ya kaburi kwamba atamlea kama mtoto wa kumzaa. Sasa mwaka ulikuwa umepita, na ahadi ile ilikuwa inamtokea puani.

Si kwamba hawakumwonya. Walimwonya mpaka sauti zikakauka. Kila alipotoroka, ukoo uliitwa. Aliketishwa kwenye kigoda katikati ya sebule, wakubwa wakamzunguka, kila mmoja akasema lake. Shangazi alisema. Mzee wa kanisa alisema. Osward, kaka mkubwa wa mume wa Ketrina, Raphaeli, alisema kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumwona akimaliza mapema. Fortunata aliinamisha kichwa na kuitikia ndiyo kila alipoulizwa kama amesikia. Baada ya wiki kadhaa alipanda basi tena.

Safari hii Osward alikuwa ameamua. Kesho, baada ya ibada, kingekuwa kikao cha mwisho. Mtoto angepelekwa Tunduma kwa mwanamke mmoja mwenye baa, akaoshe glasi, maana huko ndiko anakokutaka. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. Ketrina hakubisha mbele ya shemeji yake, lakini aliogopa. Aliijua baa ya mpakani. Alijua mambo yanayomkuta binti mdogo mahali kama hapo.

Ndiyo maana alikwenda ofisi ya kata kumwona Gwantwa, afisa ustawi wa jamii. Alimwomba aje na barua yenye muhuri, amtishe mtoto. Gwantwa alikubali kuja.

Alifika asubuhi hiyo bila barua wala muhuri. Alivaa mabuti. Alisalimia, akauliza hali ya kila mtu, kisha akaomba kikapu.

"Kikapu cha nini, mama?" Ketrina aliuliza.

"Si mnachuma? Na mimi nitachuma."

Ketrina alitamani kulia. Ameita msaada, ameletewa kibarua asiyejua kazi. Lakini mgeni ni mgeni. Alimpa kikapu, wakaingia shambani pamoja na Raphaeli. Fortunata alibaki ameketi kwenye ngazi ya nyumba, akiitazama barabara.

Gwantwa alikuwa mtu wa mjini, na ilionekana. Alivuta matawi, akachuma mbivu na mbichi kwa pamoja. Baada ya muda kikapu chake kilikuwa na kijani kingi kuliko nyekundu. Kahawa ya namna hiyo inashusha daraja la mzigo wote. Ketrina alipoiona, roho ilimuuma, lakini alijikaza akacheka.

"Siyo hivyo, mama. Shika tawi kwa mkono huu. Chagua nyekundu tu. Izungushe kidogo, usiivute."

Gwantwa alikosea tena. Ketrina akamwonyesha tena, na mara ya tatu pia. Aliziokota mbichi moja moja kutoka kikapuni, huku wakizungumza habari za mvua na za watoto. Mara ya nne, Gwantwa alipatia.

"Fortunata hachumi?" Gwantwa aliuliza.

"Yule? Alijaribu siku moja tu, alipokuja. Alijaza mbichi. Nikamnyang'anya kikapu. Nikamwambia akae, asituharibie."

"Na jikoni?"

"Ugali wake una madonge. Nimemwambia aache, nitapika mwenyewe. Kwani namnyima chakula? Anakula, analala, anakwenda shule. Anataka nini zaidi?"

Gwantwa alikitazama kikapu chake. "Mama, na mimi nimejaza mbichi. Umenifundisha mara tatu, na umecheka na mimi."

Ketrina aligeukia mti wake akachuma kwa nguvu. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa alikuwa anajikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna wa kumgombeza.

Gwantwa alimwita Fortunata na kumpa nafasi kwenye mti wake. Hakumhoji. Alimwonyesha namna ya kuzungusha kahawa, kama alivyofundishwa muda mfupi uliopita. Walichuma hadi jua likapanda. Hapo ndipo alipomuuliza Mpemba kuna nini.

Fortunata alijibu bila kuinua macho. "Kule kuna mama Lwitiko, alikuwa anauza chakula na mama. Ananiachia vitunguu nikate. Ananiuliza kama chumvi imekolea. Hapa nikishika kitu naambiwa niache. Huku naitwa kwenye kikao tu."

Raphaeli, aliyekuwa kwenye mti wa jirani, alitua kikapu chake chini. Mwaka mzima hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema maneno mengi kiasi hicho.

"Kwa hiyo tusimwonye?" aliuliza. Bado alikuwa na mashaka.

"Mwonyeni, baba. Lakini onyo peke yake halilei," Gwantwa alisema. "Vitabuni kazi yangu hii ina jina gumu, pedagojia jamii. Maana yake si ngumu. Mtu hujengwa na maisha anayoishi na wenzake. Kichwa kijifunze, moyo upendwe, mikono ipewe kazi. Ninyi mmekilisha kichwa maneno. Mikono mmeifunga."

"Hayo ni ya watoto watukutu?"

"Ni ya watu wote. Shule, kanisa, kikundi cha akina mama, mzee aliyebaki peke yake nyumbani. Kila mtu ataka nafasi yake katika jambo la wenzake. Asipoipata hapa, ataitafuta kwingine."

Jumapili Osward alifika na koti lake la ibada. Alikikuta kigoda, lakini hakikuwa sebuleni. Ketrina alikuwa amekiweka nje, kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, pamoja na viti vya wengine. Alimwambia shemeji yake, kwa heshima zote, kwamba kikao kipo, ila leo watasema huku wanachambua.

Osward alinung'unika kwamba hajaona ukoo unaohukumu huku unachambua kahawa. Hata hivyo aliketi, na mikono yake haikuweza kutulia wakati ya wengine inafanya kazi. Alianza kutoa punje mbovu na kutupa.

"Baba mkubwa, hiyo ni nzima," Fortunata alisema taratibu. "Mbovu ni hii, yenye tundu. Mama mkubwa alinionyesha jana."

Osward aliisogeza punje karibu na macho. Alitazama rundo alilolitupa. Kisha alivuta kiti chake, akampisha mtoto akae kando yake, akamwambia amwonyeshe vizuri. Habari ya baa haikutajwa siku hiyo, na haikutajwa tena.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Madonge ya ugali yaliendelea kwa wiki mbili, na Ketrina aliuma meno akala. Lakini mwezi mzima ulipita bila mtu kutoroka. Jumamosi moja yeye na Fortunata walikuwa kichanjani. Basi la Tunduma lilisimama barabarani, likapiga honi. Ketrina alishtuka, akasimama, akamtazama Fortunata.

Fortunata hakuinua kichwa. Alikuwa na punje kiganjani, anaikagua.

"Mama mkubwa," alisema, amechoka naye kabisa, "sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Ketrina alisogea.